Mwenyekiti wa Chungu Aingia Wodini

Katika kijiji kimoja cha Tororo, ukitaka kunywa malwa, ile pombe ya wimbi, lazima kwanza umwogope Ofwono.

Ofwono ni mkulima wa wimbi. Pia ni mwenyekiti wa kikundi cha malwa. Jioni watu hukaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija ukigusa chini, haurudi chunguni mpaka uoshwe kwa maji ya moto. Ukiurudisha hivyo hivyo, faini ni kuku. Kuku anachinjwa, kikundi kinamla, na mwenye kuku anapewa shingo.

Ofwono ametoza kuku wengi. Yeye mwenyewe hajawahi kulipa hata unyoya.

"Huyu mtu hana huruma," husema rafiki yake Opendi, ambaye amekula shingo nyingi.

Basi mwaka huu, wakati wimbi linaiva, Ofwono akapata ugonjwa wa ngiri. Akapasuliwa hospitali. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akasema, "Mshono ukibaki safi, utarudi nyumbani upesi." Mke wake, Awor, akafurahi. Ndege walikuwa wameanza kula wimbi, na ndege hawamngojei mtu.

Kisha kikundi cha malwa kikaja kumwona mgonjwa. Kikundi chote! Banange, ungesema ni harusi.

Kwao, huwezi kumpita mgonjwa bila kumsalimia. Wakaanzia mlangoni, wakashika mikono kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda cha kwanza alilala Edimu, kijana aliyeumia mguu. Kidonda chake kilikuwa kinatoa usaha. Opendi akamshika mkono, akampa pole, akamrekebishia shuka. Halafu akaja moja kwa moja kwa Ofwono, akakaa juu ya kitanda.

"Mwenyekiti, hebu tuone. Walikukata wapi?"

Ofwono anapenda kutazamwa. Akainua shati. Opendi akainua bandeji kwa kidole.

"Aa! Wamekushona vizuri kuliko gunia!"

Wengine nao wakataka kuona. Kila mmoja na kidole chake. Awor aliona, lakini angewafukuzaje wageni? Akapakua chakula. Bakuli akaliweka juu ya stuli, pale pale alipokuwa ameweka beseni la haja ndogo.

Haikupita siku nyingi, mshono ukawa mwekundu na moto. Maji mazito yakaanza kutoka. Ofwono akatetemeka kwa homa.

"Vijidudu vimeingia," daktari akasema. "Tunabadilisha dawa. Mshono usipopoa, itabidi tuufungue tena."

Awor akatoka nje hadi barazani, akalia. Alimpenda yule mzee wake mkali, na aliogopa sana. "Sitaki kurudi nyumbani peke yangu," akasema.

Muuguzi, Sista Robinah, alimsikia. Akaingia naye wodini, akanawa mikono, akasimama mbele ya Ofwono.

"Mzee, nani alishika bandeji yako?"

Ofwono akatazama dari. "Hakuna. Ni watu wangu tu."

"Watu gani?"

"Kikundi changu cha malwa. Opendi na wenzake."

"Kikundi kizima! Walinawa mikono?"

"Sista, watu wangu ni wasafi! Mikono yao haikuwa na uchafu. Mimi niliona na macho yangu."

Robinah alizaliwa Bulumbi, ambako pia hunywa malwa. Baba yake alikuwa na mrija wake, kwa hiyo sheria za chungu alizijua tangu utoto. Akacheka kidogo.

"Haya, mwenyekiti, nakuuliza. Opendi ameangusha mrija chini. Ameupangusa kwa shati. Unang'aa. Utamruhusu aurudishe chunguni?"

Ofwono akasahau maumivu, akanyanyua kichwa. "Nani? Opendi? Kuku!"

"Lakini hauna uchafu. Umeona na macho yako."

"Sista, uchafu wa chini hauonekani! Anaharibu chungu chote, halafu watu wote wanaumwa tum..."

Akatazama mikono yake. Akatazama kitanda cha Edimu, kisha bandeji yake.

"Enhe," Robinah akasema. "Endelea, mwenyekiti."

"Ai, mama yangu. Kumbe walichovya kwangu!"

"Walichovya. Vijidudu ni vidogo, jicho haliwezi kuviona. Vinakaa mikononi, kwenye vyuma vya kitanda, kwenye shuka, hata kwenye ile stuli. Edimu hana kosa. Yeye pia anaweza kuletewa vijidudu kutoka kwako. Msalimieni, lakini naweni kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa."

"Na bandeji?" Awor akauliza.

"Bandeji ni yangu na daktari. Wageni wasiiguse, wala wasikae kitandani. Beseni liwe chini, mbali na chakula. Ukishalimwaga, nawa."

"Kunawa namna gani? Mimi hunawa kila siku."

"Njoo." Robinah akampeleka kwenye maji. "Sugua viganja. Sasa nyuma ya mikono. Katikati ya vidole. Usisahau kidole gumba na kucha. Ndiyo hivyo, mama. Suuza kwa maji yanayotiririka."

Siku hiyo hiyo Awor akaweka jerikeni lenye bomba na sabuni mlangoni, karibu na kitanda cha Edimu. Na Ofwono, huku amelala chali na homa yake, akaanza kutawala wodi.

"Wewe wa shati jekundu! Umenawa?"

"Mama, usikae hapo! Hicho ni kitanda, si benchi!"

Opendi aliporudi, alinawa mpaka viwiko. Aliogopa kuku.

Kisha akaja Mchungaji Ikiring kuombea wagonjwa. Aliweka mkono juu ya mguu wa Edimu, akaomba kwa nguvu. Halafu akamgeukia Ofwono, mkono umenyooshwa. Wodi yote ikageuka kutazama.

"Nyamaza," Awor akamnong'oneza mumewe. "Usimwaibishe mtu wa Mungu."

Lakini Ofwono alikuwa amechoka na homa. Alitaka kupona.

"Mchungaji, maombi nayapokea yote. Mkono, tafadhali, unawe kwanza."

"Hata mkono wa mchungaji?"

"Hasa huo! Huo ndio unaofika kila kitanda."

Mchungaji akautazama mkono wake. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akaenda kunawa huku anaimba, na hakuacha kusugua mpaka wimbo ulipokwisha. Edimu naye akaitikia kutoka kitandani.

Dawa mpya ikafanya kazi, na safari hii hakuna mtu aliyeiharibu. Homa ikashuka. Usaha ukakauka. Asubuhi moja daktari akanawa, akafungua bandeji, akatazama.

"Hatufungui tena," akasema. "Mshono umepona. Nenda nyumbani."

Awor akapiga vigelegele mpaka wodi ya pili wakauliza nani amezaa.

Jioni ya kwanza kikundi kilikusanyika nyumbani kwa Ofwono. Kando ya chungu palikuwa na jerikeni la bomba na sabuni. Mgonjwa alikuwa bado hajaruhusiwa malwa. Alifunga mbuzi wake kwenye kamba, akakaa na uji, akawasimulia habari za wodi.

"Mwenyekiti, hebu tuone," Opendi akasema.

"Kuona kwa mbali! Usiguse!" Ofwono akainua shati. Na kwa kuwa mshono unaopona unawasha, akaukuna.

"Mwenyekiti!" Awor akaita. "Si umetoka kushika mbuzi sasa hivi?"

Mirija yote ikasimama.

"Mkono ni wangu," Ofwono akasema polepole. "Mshono pia ni wangu."

"Mimi ndiye niliyelia barazani," Awor akasema. "Kuku."

"Kuku!" kikundi chote kikaitikia, na Opendi alikuwa tayari anamkimbiza jogoo wa Ofwono.

Yule jogoo mwekundu akachinjwa. Watu wote wakapanga foleni kwenye jerikeni, wakanawa, wakala. Opendi mwenyewe ndiye aliyemletea Ofwono shingo, kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa.

Ofwono akaitazama. Akasimama, akaenda kunawa kwanza.