Maji ya Tangi la Nyuma

Tochi ya kuchomelea ilikuwa baridi. Fundi, ambaye majirani walimwita Cheche kwa jinsi alivyopenda kumtania kila apitaye, alikuwa ameunga mabomba ya chuma asubuhi nzima, na mpini ambao kwa kawaida humtoa jasho kiganjani ulikuwa kama umetoka kwenye jokofu. Alifurahi. Mashine yake ilipozwa kwa maji: pampu iliyavuta kutoka tangi dogo, ikayapeleka kwenye tochi kwa mpira mmoja, yakarudi kwa mwingine yakiwa yamebeba joto. Jana yake maji maalumu ya kupozea yalimpungukia katikati ya kazi. Badala ya kwenda dukani, alifunua tangi la zege nyuma ya karakana, lililofunikwa kwa bati na mawe tangu kabla hajapanga pale, akachota humo. Uvivu tu, hakuna la zaidi.

Vidole vikaanza kufa ganzi. Nyumbani, palipopakana na karakana, aliepua sufuria jikoni kwa mikono mitupu, akaitua mezani polepole.

"Mkono wako," mkewe alisema.

Cheche akakitazama kiganja kilichobabuka. "Nimeungua," alisema, kama anayesoma kibao cha duka.

Mke alicheka kidogo, akidhani ni mizaha yake ileile. Ila mizaha ilikuwa imekwisha. Mume alikula bila kusifu wala kulalamika, akalala chali macho yakiwa wazi. Karakana nayo ikaanza kunuka tope na marashi ya zamani, na mashine, hata ikichomolewa umeme, ilitoa sauti ndani ya mipira, sauti ya mtu anayemeza. Cheche aliisikia. Alijua alipaswa kuogopa, akasubiri woga uje, haukuja.

Kisha ikawa siku ya yeye kumwogesha mtoto wao mchanga, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akatumbukiza mkono kupima kama apimavyo siku zote, na mkono usiohisi kitu ukamwambia maji ni mazuri, akamshusha mtoto taratibu, miguu kwanza, na mtoto akapiga ukelele uliomtoa mama yake uani mbio, na mama alipofika akamkuta baba bado amemshikilia mlemle, anamtazama usoni, anashangaa analia nini.

Daktari alisema miguu itapona. Mama mtu alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, mzee aliyejulikana kwa kuwaondolea watu mashetani.

Mjomba alikuja karakanani, akaweka sikio kwenye mpira wa mashine, akasikiliza. "Huyu anakula joto," alinong'ona. "La chuma halimtoshi. Anachukua na la mwenye kushika. Mkwe wangu, mtoto alipolia ulihisi nini?"

"Nilitaka kuufunga mlango, mjomba. Kelele."

Mke alifunika uso kwa kanga.

"Basi atoke leo. Safisha mashine yako kama ulivyofundishwa, mimi nitasoma dua."

Cheche akachomoa umeme, akafungua koki, maji meusi yakateremka ndooni. Kwenye chujio kulikuwa na utando mweupe kama wa maziwa yaliyochemshwa, nao ulikuwa vuguvugu. Akausuuza mfumo wote kwa maji safi, tena na tena, mzee akisoma kwa sauti ya chini, hadi maji yakatoka maangavu na ile sauti ya kumeza ikakoma. Mjomba akabeba ndoo kwenda kuyarudisha maji yale tangini na kulifunika upya kwa mawe.

Zikabaki dakika chache za kazi. Cheche akajaza maji mapya ya kupozea, akawasha. Pampu ikanguruma bila kuvuta, maana hewa ilikuwa imenaswa njiani. Mafundi wote hufanya jambo moja hapo: huunyonya mpira wa kurudishia kwa mdomo mpaka maji yafike. Akaunyonya. Midomo yake iliyokufa ganzi haikubana, mate yakamtiririka kidevuni.

"Lete," mkewe alisema. Alitaka tu mumewe arudi kuwa yule wa zamani.

Mke akaupokea mpira, akanyonya kwa nguvu. Kitu cha baridi kikatangulia mbele ya maji, kikapita kooni kabla hajawahi kutema. Kisha maji yakaja, akayatema. Pampu ikatulia, ikavuta.

Na mikono ya Cheche ikaanza kuuma. Maumivu yote ya siku zile yalimjia kwa pamoja, na juu yake yakaja ya mtoto, akapiga magoti akalia, akaomba radhi kwa maneno yaliyokatikakatika. Ndani ya nyumba mtoto akaamka, naye akalia, kilio kikali cha kidonda kilichoguswa.

"Mama," Cheche alisema, akimtazama mkewe. "Mtoto."

Mkewe alikuwa anaukunja mpira, mkunjo juu ya mkunjo, bila haraka.

"Namsikia," alisema, akavuta kigoda akaketi.