Mstari wa Unga

Kila Jumamosi yenye mechi, Ozella Tibbs aliamka kabla baba yake hajakohoa kikohozi chake cha kwanza. Alivaa soksi ndefu, akala uji mzito wa mahindi wenye siagi, kisha wakatoka pamoja kwenda kuchora mistari ya uwanja. Mzee Amos Tibbs, baba yake, alikuwa mtunza uwanja wa Chuo cha Tolliver, chuo cha watu weusi huko Alabama. Ozella alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini akisukuma mkokoteni wa chokaa, mstari wake ulinyooka kuliko wa wanaume wengi.

Ilikuwa mwaka wa 1947, na timu ya Tolliver ilikuwa haijashindwa. Mechi saba, ushindi saba. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, unaoshikwa mikononi, wachezaji wakivaa kofia ngumu na kuangushana kifudifudi. Nusu ya vijana wale walikuwa wametoka vitani Italia na Ufaransa. Mtu aliyekimbia chini ya mizinga haogopi kuangushwa na kijana mwenzake.

Walikuwa wakichezea uwanja wa manispaa. Wiki nne kabla ya mechi ya mwisho, ofisi ya meya ikaleta barua: uwanja hautapatikana, majani yanahitaji kupumzika. Majani, eti! Wiki hiyohiyo shule ya weupe ilicheza mara mbili juu ya majani hayohayo, na hayakulalamika.

Kocha Whitlow aliwasomea wachezaji barua hiyo. Nahodha, Cleophus Rainey, mwenye kovu la moto shavuni tangu vitani, akauliza, "Kocha, yale malisho nyuma ya jikoni ni ya nani?"

"Ya chuo. Ya ng'ombe wa chuo."

"Basi tuwahamishe ng'ombe."

Kwa wiki tatu wanafunzi, walimu na wapishi waliokota mawe na kusawazisha ardhi. Bwana Haskell, karani wa meya, alikuwa akipita na gari lake na kucheka dirishani. "Hamuwezi, vijana," alisema. "Mtakuja kutupigia magoti." Wao waliendelea kuokota mawe.

Asubuhi ya mechi, Mzee Amos alikuwa akikaza milingoti ya goli upande wa kusini. "Chukua gunia la mlangoni pa stoo," alimwambia Ozella. "Likiisha niite. Lile la nyuma usiliguse."

"Sawa, Baba."

Gunia liliisha ikiwa imebaki mistari sita ya upande wa kaskazini, ule wa goli ukiwemo. Wakati huohuo ngoma za bendi ya chuo zikaanza kusikika barabarani, na Ozella alitaka kuwahi maandamano. Akitazama, baba yake yuko mbali, juu ya ngazi. Akaingia stoo, akafungua gunia la nyuma. Ndani mlikuwa na kitu cheupe.

"Chokaa ni chokaa," akajisemea, akajaza mkokoteni.

Alimaliza haraka, akakimbilia barabarani. Tarumbeta zilikuwa zinampita alipoanza kuhisi miguu ikiwasha. Alidhani ni siafu. Akashusha soksi zilizoloa umande, akaona ngozi imekuwa nyekundu, na juu ya kifundo malengelenge mawili. Hapo akaelewa. Gunia la nyuma lilikuwa chokaa mbichi, ile ya kumwaga kwenye mashimo ya vyoo. Chokaa hiyo ikikutana na maji au jasho, huunguza.

Ozella alisimama huku bendi ikimpita. Akisema, mechi itachelewa, Bwana Haskell atacheka mpaka jioni, na huenda baba yake akafukuzwa kazi. Akinyamaza, nani atajua? Halafu akawaza jinsi wachezaji wanavyoangushwa, uso chini, macho wazi, jasho likiwatiririka. Akaliwaza lile kovu la Cleophus. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na akageuka akakimbia.

Wachezaji walikuwa wakinyoosha viungo kando ya uwanja. Kocha alikuwepo, na baba yake, na Bwana Haskell pia, aliyekuja kuona aibu kwa macho yake.

"Kaka Cleophus, msiingie upande wa kaskazini," Ozella alisema akihema. "Nimechora kwa chokaa ya vyoo. Baba alinikataza. Kosa ni langu, si lake."

Mzee Amos aliitazama miguu ya binti yake, akapukuta chokaa, akaanza kuimwagia maji ndoo baada ya ndoo.

"Nilijua," alisema Bwana Haskell. "Hata mistari imewashinda. Ahirisheni tu."

Cleophus alivaa glavu za kazi. "Mechi ni saa nane," alisema. "Sasa ni saa nne. Leteni sepetu."

Walikwangua mistari yote sita pamoja na udongo wake, wakaizika mbali. Lakini chokaa nzuri ilikuwa imekwisha, na maduka ya mjini yalikataa kuwauzia. Ndipo Mama Verdell, mpishi mkuu, akatoka jikoni na vijana wawili waliobeba magunia mawili ya unga wa ngano begani.

"Huu ulikuwa wa mikate ya sherehe," alisema. "Leo kuku mtamla mkavu. Atakayenung'unika aje aninung'unikie mimi."

"Unga?" Bwana Haskell akacheka. "Niandike nini kwenye ripoti?"

"Andika kwamba tulicheza," Cleophus alimjibu.

Nao wakacheza, saa nane kamili. Chuo cha Pine Hollow, wapinzani wao siku hiyo, kilikuja kigumu kweli. Zikibaki sekunde chache, Tolliver walikuwa nyuma kwa pointi tatu. Refa aliufuta mpira kwa taulo, akauweka chini hatua mbili kutoka mstari wa goli wa kaskazini; mpira ukifikishwa mstarini, ni pointi sita. Cleophus alirushiwa, akaudaka, akajitupa mbele, na watu kumi wakamwangukia.

"Hakufika!" walisema Pine Hollow.

Refa aliwatoa mmoja mmoja. Cleophus hakubishana, alimpa mpira tu. Ncha yake ilikuwa nyeupe. Refa aliigusa kwa kidole, akakilamba.

"Ngano," alisema, akainua mikono yote miwili juu, ishara kwamba Tolliver wamefunga.

Jioni, wakila kuku bila mkate, Mzee Amos alikaa kando ya binti yake. "Leo nusura watushinde," alisema. "Si kwa barua yao, bali kwa haraka yako, na zaidi kwa ukimya, kama ungenyamaza. Mwanangu, mtu akikuonea, simama mbele yake. Ukikosea wewe mwenyewe, simama vilevile. Na kazi ukipewa, ifanye kama ulivyoelekezwa."

"Ndiyo, Baba. Sitasema tena chokaa ni chokaa."

Mwaka uliofuata barua nyingine ilikuja kutoka kwa meya: majani yamepumzika vya kutosha, chuo kinaweza kukodi uwanja. Kocha Whitlow alimpa Ozella kalamu aandike jibu, kwa sababu mwandiko wake ulinyooka. Aliandika: "Asanteni. Tuna wetu."