Hodi Kwenye Santuri

Rafiki yangu Lodio habishi hodi siku hizi. Akifika kwako anakupigia simu akiwa langoni, na sababu anayo.

Alikuwa akikusanya santuri ndogo za Radi Kavu, bendi ya roki aliyoipenda tangu utotoni. Alibakiza moja tu. Mchana mmoja akasikia iko mtaani Kiwanjani, kwa nyanya mjane aitwaye Akolong.

"Hodi wenyewe," akabisha alipofika mlangoni, halafu akakohoa, maana kaunti ilikuwa ikichimba barabara na vumbi lilijaa kila mahali.

Nyanya alimfungulia, akamwacha apite, akampa santuri, akarudi kuketi. Ndani kulikuwa na giza, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Lodio aliigeuza ile santuri mkononi. Alikuwa ameuziwa feki mara mbili, na hii ilikuwa safi kupita kiasi.

"Nyanya, hii ni orijino kweli?"

"Weka usikie mwenyewe."

Gramafoni ilikuwa hapo mezani, akaweka santuri juu yake. Wimbo ulikuwa wenyewe kabisa. Ulipoisha, sindano iliendelea kukwaruza. Kisha santuri ikasema, "Hodi wenyewe," ikakohoa.

Ilikuwa sauti yake.

"Nyanya, hii ni orijino kweli?" santuri ikauliza.

Lodio akaiinamia gramafoni asikilize. Sindano ikakwaruza tena. Halafu kwenye santuri zikasikika slipa zikiburutwa sakafuni, polepole, na komeo la mlango likifungwa.

Akageuka kuangalia mlango. Ulikuwa bado wazi.

Nyuma yake, slipa za nyanya zikaanza kuburutwa.