Jumamosi Usije

"Ukiinunua hiyo utajuta," mwanamume mmoja alimwambia Dunja, na bila kuomba ruhusa akashika upande wa pili wa kodiani aliyokuwa ameikumbatia yeye.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye soko la mitumba la Najlon, Novi Sad, pale watu wanapopigana vikumbo katikati ya magurudumu ya baiskeli, masufuria na picha za harusi za watu waliokwisha kufa. Dunja Vrbaški alikuwa amevaa suruali ya mazoezi ya bluu na filimbi bado ikimning'inia shingoni, maana alitoka moja kwa moja ukumbini, kwa wasichana wake wa mpira wa mikono. Hakuwa mwanamke wa kunyang'anywa kitu.

"Kaka, achia."

"Naachia. Vuta kwanza usikilize."

Dunja akavuta. Kodiani ikalia kama mbuzi mwenye mafua.

"Ndimi tatu za sauti zimekufa," alisema yule mwanamume. "Wa nne umebandikwa juzi, umetoka kwenye kodiani nyingine. Husikii?"

"Ninachosikia ni mtu anayetaka kuinunua mwenyewe."

"Mimi fundi wa kodiani, dada. Mbovu ninazo nyumbani za kunitosha mpaka siku ya kufa."

"Kwa hiyo kazi yako ni kuzunguka soko ukiwaonya wanawake?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Kwa kawaida nanyamaza, mtu ananunua, halafu ananiletea."

Dunja alicheka hadi muuzaji akanuna. Aliyakagua mavazi ya yule bwana kwa jicho moja: koti la sufu lililochakaa viwikoni, kola safi, vidole vinavyonukia nta ya nyuki. Jina lake Strahinja Kojić. Walikunywa kahawa wima penye kibanda, wakabishana juu ya mpira, muziki, na nani alimpiga nani kumbo, na kahawa ile ikazaa nyingine. Kufikia majira ya cheri, yeye alikuwa "kocha wangu" na yule alikuwa "fundi wangu", na mtaa mzima ulishajua.

Dunja alikuwa na kazi mbili, na zote alizifanya kwa mapafu. Siku za wiki aliwapigia wasichana kelele ukumbini. Jumamosi aliimba harusini, nyimbo za watu wengine, jinsi wageni walivyoagiza. Majira ya baridi yaliyofuata alitunga wimbo wake mmoja tu. Aliuimba karakanani kwa Strahinja, ameketi juu ya kreti, miguu haifiki chini.

"Huu unauimba harusi ipi?" Strahinja aliuliza.

"Hakuna. Huu si wa harusi. Ni wako, na ole wako nikusikie unaupigia mluzi mbele ya watu."

"Roho yangu, nitaupigia mluzi ndani ya pipa."

Mtu pekee ambaye hakufurahi alikuwa mama yake Strahinja, Mama Desanka, mjane mshona nguo, mwanamke wa haki lakini mgumu kama kisigino. Mkwe aliyemtaka hakuwa wa kupuliza filimbi mchana na kuimbia walevi usiku. Hakulisema waziwazi, alilikohoa.

Basi ukaja msimu wa *Ngome*. Nani asiyeijua? Watu kumi na wawili wenye nguvu hufungiwa kwenye ngome kuukuu kando ya mto Danubi, siku hamsini, wakikimbia, wakipanda kuta, wakigombana, na kamera ziko hata jikoni. Mshindi huchagua kitu kimoja kwa ajili ya mji wake. Paa la ukumbi wa Dunja lilivuja, wasichana walikuwa wakiteleza kwenye madimbwi, na ofisi zote zilikuwa zimemwambia arudi kesho. Akajiandikisha.

Waliruhusiwa simu moja kila Jumapili, dakika tatu.

"Fundi, unakula?"

"Nakula. Mama ananipikia maharage kama ninakwenda vitani. Na wewe, jua langu, jana umeparamia ule ukuta kama paka aliyeiba samaki."

"Uliniona?"

"Mtaa mzima ulikuona. Mzee Sava wa jirani amesema akizaliwa tena anataka magoti kama yako."

"Mwambie nitampa haya haya, yamekwisha. Na ile kodiani mbovu niliyoinunua kwa ubishi?"

"Nimeifunika blanketi isisikie upuuzi wa hiyo runinga."

"Nimekukumbuka, mjinga wewe."

Jumapili iliyofuata simu iliita mpaka ikachoka. Na ile iliyofuata. Dunja alijiambia kwamba kazi zimemzidi, kisha kwamba simu imeharibika, kisha hakujiambia kitu. Alimaliza wa pili. Paa hakupata. Langoni waandishi walimzonga na swali moja tu: Ognjen yuko wapi, na harusi ni lini?

Aliyemfumbua macho ni Radojka, mfagiaji wa ukumbi wa mazoezi. Aliegemeza ufagio ukutani, akatoa simu mfukoni mwa aproni. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Mimi kulisema siwezi."

Video ilionyesha ua wa ngome na mvua kubwa. Ognjen, bondia mwenye mabega kama kabati, alikuwa amemwinamia Dunja, na Dunja amemshika kichwa kwa mikono miwili. Watayarishaji wakaipunguza mwendo. Wakairudia mara tatu. Na juu yake, kwa sauti ya Dunja mwenyewe, wakauweka ule wimbo.

Ukweli ulikuwa hivi. Siku ile Ognjen aliambiwa kwamba baba yake anapasuliwa moyo, na watayarishaji wakamwambia hatoki mpaka asubuhi, maana mashindano hayajaisha. Jitu zima likalia kwenye mvua. Dunja akalikumbatia kama anavyomkumbatia mchezaji yeyote aliyeanguka. Wimbo aliuimba siku nyingine kabisa, jikoni, akiosha vyombo, akidhani kwamba mtu anayeosha sufuria anaachiwa angalau faragha ya sufuria lake. Wakauchukua. Kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha kuuzwa, wakakichomoa kooni mwake na kumvika mwanamume mwingine, na nchi nzima ikatoa leso.

Dunja alimpigia mama mmoja, mtayarishaji.

"Mpenzi, lakini watu walilia!" yule mama alisema kwa furaha. "Na ulisaini."

"Nilisaini kupigwa picha. Sikusaini kuibiwa."

"Utatulia tu. Kila mtu hutulia."

Hakutulia. Alimpigia Strahinja siku tatu mfululizo. Siku ya nne akapokea.

"Ndiyo." Kama anaongea na mtu wa umeme.

"Strahinja, ulichokiona sicho."

"Nimekiona. Na mji umekiona. Wananiletea kodiani kutengeneza, kumbatio lako wanaliangalia usoni mwangu."

"Nilimshika mtu aliyekuwa akilia."

"Kumbatio ningelimeza, Dunja. Naapa ningelimeza. Lakini wimbo je? Ulimwimbia wimbo wangu."

"Sikumwimbia. Waliupachika..."

"Sauti si yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi. Na Jumamosi usije."

Akakata.

Dunja alibaki ameishika simu mbali na sikio, kama iliyomuuma. Jumamosi ilikuwa tarehe nane Novemba, Mtakatifu Dimitri, slava ya akina Kojić, siku ya mtakatifu wa ukoo wao. Kwa slava hakuna anayealikwa. Mlango unaachwa wazi na anayejua njia anakuja, na aliyekuja mwaka uliopita anategemewa mwaka huu. Kama hakuna anayealikwa, basi na wa kukatazwa hayupo. Watu waliokuwa wamechinjana kwa ajili ya mipaka ya mashamba hukaa meza moja siku hiyo. Adui hafukuzwi, mlevi hafukuzwi, mtoza kodi anapewa keki. Na huyu mtu, kwa mdomo wake, amemwambia yeye usije.

Mpaka hapo alikuwa amelia. Sasa alikasirika, na hasira ilimpendeza kuliko machozi.

"Naenda," alimwambia Radojka.

"Watakutazama vibaya."

"Wanitazame. Si wamezoea kunitazama?"

Jumamosi mchana alivaa gauni la kijani la sufu, lile linalombana kiunoni, viatu virefu vya ngozi, na hereni za marehemu mama yake. Akapaka rangi ya midomo kama anayekwenda fainali. Kwapani alibana chupa ya divai, kwa sababu hasira ni hasira lakini mikono mitupu ni aibu.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya mshumaa wa nta na kabichi chachu ilimlaki kwenye ngazi. Ndani, wageni kama kumi na watano walikuwa wamebanana mezani, na vichwa vyote vikageukia mlangoni. Mama Desanka alisimama karibu na mlango na bakuli la ngano tamu iliyochanganywa na kokwa za jozi. Strahinja alikuwa wima upande wa pili, shati jeupe, chupa ya pombe ya rakija mkononi, maana siku hiyo wenye nyumba hawaketi. Wao husimama na kuhudumu kuanzia mgeni wa kwanza hadi wa mwisho.

"Slava njema kwa nyumba hii," Dunja alisema.

Mama Desanka alimsogelea, akanong'ona, "Una uso gani wa kuja hapa?"

"Huu huu, mama. Ule wa kwenye runinga ni wa kwao."

Ngano ile, ya kuonjwa na kila aingiaye, hakuweza kunyimwa. Dunja alifanya ishara ya msalaba, akala kijiko chake, akaketi kwenye kiti kitupu karibu na Mzee Sava. Strahinja alimjazia bilauri kama anavyomjazia kila mtu, macho yakiwa kwenye chupa. Mwisho wa meza shangazi mmoja akamwambia jirani yake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Lisemwalo lipo."

Hapo Dunja akafungua mkoba, akatoa ile kadi ya kijani ambayo kocha wa mpira wa mikono huiweka mezani anapotaka mchezo usimame, akaibandika kati ya keki na kachumbari.

"Naomba dakika moja. Ni haki yangu hata nikiwa nafungwa." Akatoa simu, akaiegemeza kwenye mkate. "Fundi, njoo hapa."

"Dunja, si mbele ya watu."

"Mimi nilitendewa mbele ya watu. Njoo."

Akaja. Kwenye kioo mvua ikaanza kumwagika, bondia akalia, wimbo ukapanda. Shangazi akajifanya anaangalia pazia.

"Fumba macho," Dunja alisema. "Usiangalie, sikiliza. Mvua ile unaisikia?"

Strahinja alifumba macho. "Rudisha mwanzo," alisema.

Akarudisha.

"Mvua haipo," alisema polepole. "Hakuna upepo. Kuna bomba, maji ya bomba. Kijiko kinagonga sahani. Sauti inarudi haraka... ni chumba kidogo. Chenye vigae." Akafumbua macho. "Ni jikoni."

"Ni jikoni. Niliosha sahani za watu kumi na wawili, peke yangu, nikikuimbia wewe. Yule pale alikuwa anamlilia baba yake, siku nyingine, mahali pengine." Sauti yake ilipanda, hakuizuia. "Wale ni wezi, Strahinja. Kuiba ndiyo kazi yao, nao siwashangai. Lakini wewe kazi yako ni kusikia. Watu wanatoka Belgrade kukuletea vyombo uwaambie kasoro iko wapi. Na sauti yangu mimi hukuipa hata robo dakika."

"Nilizima," alisema. "Niliposikia neno la kwanza nilizima. Sikuweza."

"Ukazima na mimi humo humo. Na ukaniambia nisije. Slava!"

Mzee Sava aliweka uma chini. "Ulimwambia hivyo, kijana? Nyumba ya baba yako?"

Strahinja alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Mimi ndiye niliyemwita aje aone kwenye runinga," Mama Desanka alisema ghafla, bakuli bado mkononi. "Nilimwita kwa furaha. Mungu anisamehe, leo siwezi kusema uongo." Akageuka jikoni, akarudi na sahani ya sarma, ile mizingo ya kabichi yenye nyama, minne mikubwa, akaiweka mbele ya Dunja kwa mikono miwili.

Strahinja akaweka chupa mezani, kisha akaichukua tena, kama asiyejua mikono ni ya nini.

"Nimekosa," alisema. "Niliwaamini watayarishaji, nikauamini mji, wewe sikukuamini. Hili la kukukataza kuja nitalibeba. Dunja, inuka hapo. Simama huku na mimi."

Chumba kizima kilielewa. Siku ile, nyumba ile, aliyesimama ni mwenye nyumba, hakuna mwingine. Shangazi mwenyewe aliacha kutafuna.

Dunja hakuinuka. Alivuta sahani karibu, akamega mkate. "Bado nakula," alisema.

Akala. Sarma ya kwanza, ya pili, bila haraka, akichovya mkate kwenye mchuzi. Strahinja alisimama mbele yake na chupa yake kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Ya tatu. Ya nne. Dunja alifuta midomo, akakunja kitambaa pembe kwa pembe, akasukuma kiti nyuma.

Akasimama. Akazunguka meza yote hadi upande wa pili, akaichukua chupa mkononi mwa Strahinja bila kumtazama.

"Hasira bado ninayo," alimwambia chinichini. "Nitakuwa nayo mpaka Pasaka."

"Kaa nayo hapa hapa," alisema Strahinja.

Dunja aliinamisha chupa juu ya bilauri tupu ya jirani. "Mzee Sava, nikuongeze?"