Melkiori na Alizeti Mbichi

Mambo ya Melkiori yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 2023. Mchana wa siku hiyo alimwona Anastasia akishusha magunia ya alizeti.

Melkiori alikuwa fundi wa mashine ya kukamua mafuta hapa Unyambwa. Alibeba magunia, akamwaga alizeti kwenye mashine, akazoa mashudu yaliyobaki baada ya kukamua. Jioni mgongo ulimuuma hata kuinama kuvua viatu akashindwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Nia yake ilikuwa moja tu: akifika hamsini na tano, asibebe tena gunia la mtu.

Anastasia alikuwa mke wake. Walikuwa wameachana mwaka uliopita. Nyumba waliyoijenga kwa miaka kumi na moja iliamriwa iuzwe, wagawane. Jambo hilo lilimalizwa mahakamani asubuhi moja, na waliolimaliza wakaenda kunywa chai. Melkiori akapanga chumba. Fungu lake aliliweka benki, hakuligusa. Hilo ndilo lilikuwa tegemeo lake la uzeeni.

Sasa Anastasia alisimama mbele ya stoo ya kupanga, kitenge kipya kiunoni, akiwaelekeza wabebaji.

"Za kazi, Baba Happiness?" Happiness ni binti yao, alikuwa chuo cha ualimu.

"Nzuri. Naona umekuwa tajiri."

"Nanunua sasa ikiwa rahisi, niuze ikipanda. Wewe endelea kukamua."

Wewe endelea kukamua! Maneno hayo Melkiori alikwenda nayo mpaka chumbani kwake. Usiku hakulala. Asubuhi alitoa fedha zote benki, akapanda pikipiki mpaka Mtinko, kwa wakulima wa alizeti.

Fundi wa alizeti hapimi kwa macho. Anachukua punje, anaing'ata. Ikiwa kavu inapasuka. Ikiwa mbichi inabonyea. Melkiori alikuwa akifanya hivyo miaka yote kwa alizeti za wenzake. Siku hiyo, kwa alizeti yake mwenyewe, hakung'ata hata punje moja.

"Kaka, hii bado inataka jua," mkulima alimwambia. "Nipe siku nne niianike kwenye turubai."

"Pakia! Kwani yeye ana magunia mangapi?"

"Yeye nani?" mkulima aliuliza.

Melkiori alikuwa tayari anahesabu noti. Naye alipanga stoo hapa Unyambwa, akaijaza mpaka darini. Kila alipokutana na Anastasia, alichezesha ufunguo wa stoo mkononi makusudi, ili auone.

Mwezi wa nane alifungua stoo. Joto lilimpiga usoni. Magunia yalikuwa yamechemka, yananuka uvundo. Punje zilikuwa zimeota ukungu. Na bei nayo ilikuwa imeanguka, maana mafuta ya nje yalijaa madukani. Wakubwa wa serikali waliokuja na magari kuhimiza watu walime alizeti hawakurudi kueleza. Melkiori aliuza kwa bei ya kutupa. Hakurudisha hata nusu.

Mwantum, mama mwenye duka la vyakula mjini, alikuja kuchukua mafuta kwenye mashine kama kawaida yake. Alimkuta Melkiori amekaa juu ya ndoo.

"Shikamoo, Mama Rahma."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

"Serikali imeniua."

"Bei waliiharibu wao, hata mimi nimewasema sana. Lakini unyevu je? Nao uliletwa na waziri?"

Melkiori aliinuka kwenye ndoo. Kisha akauliza, "Na yeye amepata hasara?"

"Amepata. Ila yeye hakuweka zote kwenye alizeti."

"Nyingine ameweka wapi?"

"Hilo ni swali la wivu. Uliza hivi: zangu zilizobaki niziweke wapi?"

"Haya, niziweke wapi?"

"Kwanza tenga fedha za dharura. Chakula na kodi ya chumba, miezi mitatu mpaka sita. Ziwe benki, mahali pa kuzipata siku ukiumwa. Hizo hazinunui alizeti. Halafu, hata sisi tusioajiriwa tunaweza kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa hiari. Nenda ofisini kwao, uliza utapata nini, na kwa umri gani. Wasipokuelewesha, rudi tena kesho."

"Hapo nitarudi sana."

"Rudi! Ni haki yako. Kinachobaki, nunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi mnachanga fedha. Wataalamu wanazigawa: nyingine benki, nyingine hisa za makampuni, nyingine hati fungani, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba."

"Niikopeshe serikali hii hii?"

"Hii hii! Nayo idaiwe na wewe kidogo." Mwantum alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Faida usipoitoa, nayo inazaa faida."

"Kwa mwezi zinakuwa mara mbili?"

"Anayekuahidi hivyo, mkimbie. Kipande kinapanda, na kinaweza kushuka. Ndiyo maana hapo unaweka fedha za miaka mingi, siyo za ada ya mwezi ujao. Na kabla ya kutoa shilingi, hakikisha mfuko umepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Halafu huko benki, mrithi uliandika nani?"

Melkiori alikohoa. "Anastasia."

"Wivu wote huo, na bado umemwandika yeye!"

Wiki hiyo hiyo alikwenda kubadilisha, akaandika Happiness. Tangu hapo, kila Jumamosi akilipwa, alitenga kwanza ndipo akanunua unga. Alijaza fungu la dharura. Kisha akaanza kuchangia mfuko wa hifadhi, na kununua vipande vichache kwa simu. Haikuwa rahisi. Anastasia alipojenga nyumba ndogo na kuiezeka bati jipya, Melkiori alitaka kuuza vipande vyote, naye ajenge, aezeke bati la rangi. Alizunguka na simu mkononi siku nzima, akairudisha mfukoni.

Mwaka jana mgongo ulimlaza wiki tatu. Hakukopa. Hakuuza kipande. Alikula fedha za dharura, na alipopona akazirudisha kidogo kidogo. Sasa anamlipa kijana wa kubeba magunia, yeye anaendesha mashine tu. Akiendelea hivi, hamsini na tano anaiona kwa mbali, na inafikika.

Juzi Mwantum alikuja tena kuchukua mafuta. Melkiori alimfungia madumu, akapangusa mikono polepole.

"Mama Rahma, nina neno. Hivi Anastasia ana vipande vingapi?"

Mwantum alimtazama, akacheka.

"Mnanichosha. Jana yeye kaniuliza hivyo hivyo juu yako. Sasa niwajibu mimi, au mtakwenda kuulizana wenyewe?"