Uzi wa Sanda ya Bi Mwatumu

Udi ulinuka nyumba nzima saa sita mchana, na chetezo kiko uvunguni, hakijaguswa tangu arubaini ya marehemu. Mwamvua akajifanya hausikii.

Marehemu mumewe, Uweso, mganga wa Mwera, alimwachia bunda la karatasi. Kila jini aliyemtoa kwa mtu alimfunga kwenye karatasi yake peke yake, jina la mgonjwa juu. Nusu ya mtaa wao wa Makorora ilikuwamo, na ya chini kabisa ni ya Mwamvua mwenyewe, ndivyo walivyojuana. Mchwa walishaanza kuzila. Azipeleke kiwandani zikajalidiwe, siri za watu zisomwe na kila mpita njia? Thubutu! Akamwita Shabbar, mjalidi wa Usagara, azishone palepale ukumbini, mbele ya macho yake.

"Uzi sina, mama," Shabbar akasema. "Madukani hakuna hata kipande."

Mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya magendo. Mwamvua akanyata chumbani kwa mama yake, Bi Mwatumu, kikongwe aliyejiwekea sanda yake sandukuni kama wazee wengi. Akachomoa nyuzi, akazisokota. Hakuomba. Loo, shida humvua mtu haya!

Shabbar akashona karatasi moja moja, kila moja na fundo lake. Fundo la kwanza, kikongwe akaguna chumbani. La pili, akalia. Alipokaza la mwisho mlango ukapasuka, na Bi Mwatumu, asiyesimama bila mkongojo, akatoka mbio, damu ikimchuruzika kwenye midomo iliyoshonwa kwa uzi mweupe, akamkaba Shabbar na kumbamiza ukutani hata meno yakamwagika sakafuni, huku tumboni mwa kikongwe wanaume wengi wakinguruma kwa pamoja:

"Kila mmoja alikuwa na kifungo chake, umetukusanya! Umetushona kwa sanda, tupe maiti wake!"

Uzi ukaanza kumpanda kikongwe puani, akamwachia Shabbar, akaanguka. Mama alikuwa anakata roho.

Mwamvua akashika mkasi, akakata fundo moja. Mshono mmoja ukamtoka mama mdomoni. Na nyumba ya pili, kwa Kombo, mtu akapiga yowe. Akakata la pili, yowe likatoka kwa Tahiri. Hapo akaelewa: kila jini alikuwa akirudi kwa mtu wake.

"Nisameheni, jirani zangu," akalia, na mkono hausimami, na Makorora ikapiga mayowe nyumba kwa nyumba, vyombo vikivunjika, watu wakiumana na kutupana nje, hata likabaki fundo moja tu, nalo ndilo lililoziba pumzi ya kikongwe. Fundo la karatasi yake Mwamvua.

"Bwana Shabbar, mtoe mama nje," akanong'ona. "Mkasi chukua. Usiniachie chenye makali."

"Na wewe, mama?"

"Toka!"

Mlango ulipofungwa, akaliinamia bunda, akalikata fundo kwa meno.

Nje, Bi Mwatumu akavuta pumzi. "Mwamvua, mwanangu," akaita, "njoo uninyweshe maji."

Mwamvua alimsikia. Akafungua kinywa amwonye asisogee, ikatoka sauti nzito ya kiume.

"Labeka, mama. Naja."

Na mkono wake ukashika komeo.