Uzi wa Babu

Kila adhuhuri, vyombo vikishaoshwa, Mama alifungua cherehani kando ya dirisha. Alikuwa akishona mfarishi, blanketi nene la vitambaa viwili na pamba katikati. Upande wa juu aliunganisha vipande vya mashati ya marehemu Babu. Mfarishi ulikuwa wa Bibi, mama mkwe wake, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika. Mama alitaka kuchora majani kwa uzi, ili vidole vya Bibi viyaone.

Lakini uzi ulikatika. Akafumua, akashona, ukakatika tena. Mashati yalikuwa yamechakaa. Kila alipofumua, matundu yaliongezeka.

"Cherehani hii ina kiburi," alisema.

"Usiisingizie," Bibi alijibu kutoka kitandani. "Mwite Kobe."

Kobe alikuwa jirani yao, fundi wa viti vya magari. Haraka hakuijua, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alikuja, akashika kibiringo cha uzi.

"Huu wa lini, shemeji?"

"Wa baba mkwe. Umekaa dirishani miaka ishirini. Nilitaka mashati yake yashonwe kwa uzi wake."

Kobe aliuvuta kidogo. Ukakatika kimya.

"Jua limeula. Uzi mzima ukiuvuta, unakubishia." Akatoa wake, imara, laini, mnene kidogo. "Huu vidole vitauhisi. Ila uzi mnene unataka sindano yenye tundu pana, la sivyo utasagika."

Kisha akabadili sindano, akashusha meno yaliyo chini yake, yale yanayosukuma kitambaa. Akafunga mguu wa kudarizia, unaoacha kitambaa kigeuke kila upande.

"Sasa meno ni mikono yako."

"Nikiikimbiza mikono?"

"Mishono inakuwa mirefu kama hatua za mwizi. Ukizubaa, inarundikana. Pedali na mikono viende pamoja. Macho yatazame unakokwenda, yasiikodolee sindano. Na anza kwenye matambara, uweke pamba katikati vilevile. Usijifunzie kwenye shati la mzee."

Mama alijifunza siku tatu. Bibi alipapasa kila tambara.

"Hili ni jani, au sikio la punda?"

"Ni jani, mama."

"Punda atafurahi."

Siku ya nne, kitambaa kilizunguka chini ya viganja vyake kama maji. Mstari ulipinda alipowaza kupinda. Jani likazaa jani. Mama alisahau kupumua. Miaka yote alikuwa akikifuata kitambaa. Leo kitambaa kilimfuata yeye. Hadi mwisho, uzi haukukatika hata mara moja.

Alimfunika Bibi magoti kwa mfarishi. Kidole cha Bibi kikapanda shina, kikavuka bega la shati moja, kikasimama.

"Huu mfuko wake," alinong'ona. "Una nini ndani?"

"Uzi wake. Umechoka kushona, nimeulaza humo."

Kidole kikaanza tena, jani kwa jani. Mama alipotaka kuukunja mfarishi, mkono mkavu ulimzuia.

"Acha, mwanangu. Sijamaliza kusoma."